Nishani ya Jeraha Iliyoombwa Baada ya Miaka 43



Yako maswali ambayo watu wa nyumba moja hubishana juu yake hata usiku wa manane, wasipatane. Moja ni hili: je, yafaa mzee aliyekuwa askari, akiisha kuzeeka na kuzungukwa na wajukuu, aanze kuomba nishani kwa ajili ya jeraha alilolipata ujanani? Wengine husema: "Amechelewa. Angeliomba zamani." Wengine husema: "Ni majivuno tu. Mkristu mwema hatafuti sifa za dunia." Na vijana huuliza kwa kicheko: "Nishani huliwa?" Mimi nadhani wote watatu wanakosa, nami nitawaeleza sababu kwa habari niliyoiona kwa macho yangu.

Baba yangu mkubwa alikuwa kaporali wa Force Publique, jeshi la Kongo katika siku za Wabelgiji. Mwaka 1941 kikosi chake kilipelekwa Uhabeshi kupigana na Waitalia. Watu wa Bukavu wanaijua kambi ya askari iitwayo Saïo. Lakini ni watoto wangapi wanaopita karibu na kambi hiyo wanaojua kwamba Saïo ni mji wa mlimani kule Uhabeshi, uitwao siku hizi Dembi Dolo, na kwamba askari wa Kongo walikwenda kuushinda?

Safari yao ilikuwa ndefu ajabu. Walitoka Kongo, wakapita Sudani kwa malori na kwa merikebu za mto Nili, wakaingia Uhabeshi kwa upande wa magharibi. Tarehe 11 Machi 1941 waliteka Asosa, na tarehe 23 mwezi uleule wakateka Gambela. Tarehe 15 Aprili walipigana penye kijito cha Bortai, chini ya mlima wa Saïo. Kisha mvua zikaanza, njia zikaharibika, chakula kikapungua, na magonjwa yakawaua watu kama risasi. Hata hivyo hawakurudi nyuma. Mwanzo wa mwezi wa Julai Jenerali Gazzera, mkubwa wa Waitalia wa upande ule, alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert wa Force Publique, yeye pamoja na majenerali wengine na maelfu ya askari.

Baba mkubwa alijeruhiwa penye kijito kile cha Bortai. Kipande cha kombora kiliingia katika paja lake la kushoto, naye akachechemea tangu siku ile hata kufa kwake. Aliporudi kwetu alioa, akalima, akazaa watoto, wala hakuwa mtu wa kusimulia vita kila jioni. Lakini kijijini kulikuwa na maneno. Karani mmoja, ambaye amekwisha kufa zamani, alikuwa ameona kitabu chake cha askari, akawatangazia watu kwamba yule kaporali hakupigwa na adui yeyote, bali alianguka tu kutoka lori, na kwamba bila shaka alikuwa amelewa. Maneno hayo yakatembea. Watoto wake mwenyewe wakayapokea pamoja na uji wa asubuhi, wakakua nayo. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wazee. Nami nadhani paja la baba mkubwa lilipoa mapema kuliko moyo wake.

Mwaka 1984, nilipokuwa mwalimu katika shule ya misioni, aliniita nyumbani kwake. Akaniambia: "Mwanangu, wewe unajua kuandika barua za ofisini. Niandikie moja. Ninaomba alama ya jeraha langu. Niliona Wazungu waliojeruhiwa wakivaa msalaba mdogo mwekundu juu ya utepe wa nishani yao ya vita. Mimi nami nilijeruhiwa."

Nikamwuliza: "Baba, imepita miaka 43. Kwa nini leo?"

Akajibu: "Kwa sababu karibu wanangu watanizika, nao watamzika mtu aliyeanguka kutoka lori."

Akafungua kopo la zamani la maziwa ya unga, akatoa kitabu chake cha askari kilichofungwa katika kitambaa. Nikakisoma ukurasa kwa ukurasa. Namba yake ilikuwamo, na jina la kijiji chake, na tarehe ya kuingia jeshini, na siku alizolala hospitalini. Na kando ya siku zile za hospitali liliandikwa, kwa wino mweusi na kwa mwandiko mzuri, neno moja la Kifaransa ambalo maana yake ni "ajali". Nikalisoma mara ya pili, nikalisoma mara ya tatu. Naye alikuwa akinitazama usoni.

"Kimeandikwa nini?"

"Kimeandikwa ajali, Baba."

Alinyamaza kitambo kirefu. Kwa miaka yote ile alikuwa amedhani kwamba yule karani alisema uwongo kwa chuki. Kumbe karani alisoma sawasawa yaliyoandikwa, ingawa ulevi aliuongeza mwenyewe. Uwongo ulikuwa ndani ya kopo lake, naye alikuwa ameulinda na mchwa na mvua kama mtu alindavyo hati ya shamba, kwa kuwa hakujua kusoma. Mwishoni alisema maneno haya tu: "Aliyeandika hakuwako Bortai."

Sikumhukumu aliyeandika, wala simhukumu leo. Labda alikuwa mbali na mapigano, wagonjwa ni wengi, mvua inanyesha, kila mtu anaita. Lakini angalieni, wasomaji wapenzi, nguvu ya neno moja katika karatasi. Aliyeumia kwa ajali na aliyejeruhiwa na adui wanatoka damu ileile, na wanachechemea namna moja. Lakini huyu husemwa kuwa alipatwa na bahati mbaya, na yule husemwa kuwa alitoa kitu.

Kwa muda mrefu nilidhani jambo hili lilipata jamaa yetu tu. Mwaka 2021 nikasikia habari ya mzee wa Marekani, Bwana Osceola Fletcher, mtu mweusi wa mjini New York, nikatambua kwamba baba mkubwa alikuwa na ndugu wengi asiowajua. Bwana Fletcher alikuwa askari katika vita vya Normandie, nchini Ufaransa, mwaka 1944. Gari alimokuwamo lilipigwa na kombora la Wajerumani, naye akapata jeraha la kichwa. Baada ya vita aliishi kwa heshima, akawa sajini wa polisi, kisha akawa mwalimu. Lakini nishani ya jeraha hakupewa. Mwenyewe alieleza sababu: askari weusi walihesabiwa kuwa "wameumia", si kuwa "wamejeruhiwa". Ni neno tu! Hatimaye, tarehe 18 Juni 2021, katika kambi ya Fort Hamilton huko Brooklyn, alipewa nishani yake mbele ya jamaa yake. Alikuwa na miaka 99, na tangu siku ya jeraha ilikuwa imepita miaka 77.

Nishani hiyo ya Wamarekani huitwa Purple Heart, yaani Moyo wa Zambarau, nayo ina historia yake. Mwaka 1782 Jenerali George Washington aliweka alama ya kitambaa cha zambarau chenye umbo la moyo, kwa kuwatukuza askari wa kawaida waliofanya mema makubwa. Kisha alama ile ikasahauliwa muda mrefu. Mwaka 1932, ilipotimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Washington, ilifufuliwa kuwa nishani ya chuma, na tangu vita vya pili vya dunia ni ya wale waliojeruhiwa au kuuawa na adui. Nayo haihesabu cheo: jenerali na askari wa mwisho huipata kwa namna ileile, kwa kuwa kombora haliulizi mtu cheo chake.

Tena yafaa tujue kwamba ilipofufuliwa mwaka 1932, askari waliojeruhiwa katika vita vya kwanza vya dunia, vilivyokwisha mwaka 1918, waliruhusiwa kuiomba. Basi kuomba kwa kuchelewa si jambo geni wala la aibu. Kulikuwako tangu siku ya kwanza ya nishani yenyewe. Waswahili husema: Kawia ufike.

Lakini ili tuseme kweli yote, haifai kuzilaumu ofisi kwa kila kitu. Ofisi inayogawa nishani ya jeraha lazima iulize: Je, ni adui aliyemjeruhi? Je, mganga alimtibu? Ni nani aliyeona? Bila maswali hayo, kila mwenye kovu la panga la shambani angejitokeza, na nishani isingekuwa na maana tena. Shida ni kwamba karatasi hufa kama watu. Huko Marekani, tarehe 12 Julai 1973, moto uliwaka katika nyumba kubwa ya kumbukumbu karibu na mji wa St. Louis, ukateketeza vitabu vya askari kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, vitabu 80 katika kila 100 vya walioacha kazi tangu Novemba 1912 hata mwanzo wa 1960 vilipotea. Wazee wengi waliokwenda baadaye kuomba nishani waliambiwa: "Habari zako zimeungua. Lete ushahidi mwingine." Kama mambo yako hivi katika nchi tajiri, tutasema nini sisi, ambao karatasi zetu zimepita katika mikono ya vita vingapi, na maji, na panya? Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina la mtu nalo ni mali.

Basi baba mkubwa naye alihitaji ushahidi mwingine. Alikumbuka mwenzake mmoja, mchukuzi wa machela, aliyemtoa katika kijito chini ya risasi. Tukaulizia kwa wafanya biashara na kwa mapadri, tukasikia kwamba anaishi upande wa Uvira, mzee kipofu wa jicho moja, lakini mwenye akili timamu. Nikapanda lori, nikamfikia. Nilipotaja jina la baba mkubwa na jina la Bortai, alicheka kwanza, kisha akalia. Akasema: "Alikuwa mzito kama gogo, naye aliniomba nimwache. Sikumwacha." Nikaandika maneno yake yote, nikamsomea mara mbili, naye akatia kidole chake mbele ya mkuu wa mtaa na mbele ya padri wa mahali pale. Ukawa ushuhuda wa kurasa mbili.

Tukatuma barua, na nakala ya ushuhuda pamoja nayo. Jibu lilikuja baada ya miezi 14. Ofisi iliandika kwa adabu kwamba inaheshimu kazi ya wazee wetu, lakini ushuhuda uliotolewa miaka mingi namna hii haushindi neno lililoandikwa wakati uleule wa vita. Basi nishani hakupata. Nasema hivyo waziwazi, kusudi mtu asidhani kwamba kila ombi la haki hupata jibu la haki hapa duniani.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Kabla ya kutuma barua, baba mkubwa alitaka ushuhuda usomwe mbele ya jamaa yote. Tukakusanyika Jumapili baada ya Misa, nikausoma kwa sauti: kijito, kombora, damu, machela, na yale maneno "aliniomba nimwache". Hakuna aliyekohoa. Nilipomaliza, mwana wake wa kwanza, mtu mzima mwenye watoto sita, alisimama, akapiga magoti mbele ya baba yake, akamwomba msamaha kwa kuwa aliamini maneno ya lori. Mzee akamwekea mkono kichwani, asiseme kitu. Alikufa mwaka 1987. Padri alipohubiri siku ya maziko alisema: "Huyu alijeruhiwa penye kijito cha Bortai." Na watu wote waliokuwapo walijua kwamba ni kweli.

Sasa nirudi kwa wale wanaobisha.

Kwanza wale wasemao ni majivuno. Kumbukeni mtume Tomaso. Bwana wetu alipofufuka katika wafu, mwili wake ulikuwa na utukufu, lakini alama za misumari na mkuki hakuziondoa. Aliwaonyesha wanafunzi wake, akamwalika Tomaso azitazame na kuzigusa. Je, alijivuna? Hasha. Alizionyesha ili wapate kuamini. Mtu aonyeshaye jeraha lake ili kweli ijulikane hafanyi dhambi. Dhambi ni kuongeza uwongo juu ya jeraha, au kulitumia kuwadharau wasiojeruhiwa.

Pili vijana wanaouliza kama nishani huliwa. Hailiwi, kweli. Pensheni ya askari aliyelemaa ni jambo jingine, na nchi inayomnyima aliyepoteza viungo kwa ajili yake inafanya dhuluma. Lakini mtu hushiba kwa mkate, kisha huhitaji jina lake. Baba mkubwa hakukosa muhogo mezani. Alikosa kuaminiwa na wanawe, na njaa hiyo ilikaa naye miaka 40 na zaidi.

Tatu wale wasemao amechelewa. Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani Kaporali Albert Kunyuku, askari wa zamani wa Force Publique aliyetumika katika vita vya pili vya dunia. Mzee alikuwa na miaka 100. Wakongo walifurahi, nami nilifurahi. Lakini furaha yangu ilichanganyika na uchungu, kwa kuwa nilikumbuka maelfu ya wenzake walio makaburini. Kuchelewa si dhambi ya mwenye kuomba. Lakini kuchelewa kuna bei yake: kila mwaka unaopita unachukua shahidi mmoja. Kama mchukuzi wa machela angalikufa mwaka 1983, wana wa baba mkubwa wangalimzika mtu wa lori.

Askari wa Saïo wamekwisha kupita. Lakini majeraha hayakwisha katika nchi yetu. Tazameni Kivu, tazameni Ituri: wangapi wamejeruhiwa katika miaka 30 hii, na wengi wao hawakushika bunduki hata siku moja! Ni mama waliotoka shambani, ni watoto, ni wanawake waliotendewa mabaya yasiyotajwa. Kwao hakuna nishani. Lakini sheria ya Desemba 2022 iliweka mfuko wa taifa wa kuwafidia wahanga wa namna hiyo, na huko nako wataulizwa maswali yaleyale: Lini? Wapi? Nani alikutibu? Nani aliona? Basi somo la kopo la maziwa si la wazee peke yao.

Kwa hiyo nawashauri wazazi wote mambo matatu. Kwanza, karatasi ya hospitali isitupwe. Itunzwe pamoja na cheti cha ubatizo na hati ya ndoa, na nakala yake iwekwe kwa ndugu mwingine, katika nyumba nyingine. Pili, karatasi isome, usitunze usichokijua. Mpe mtoto wako aliyesoma akufasirie kila neno, na kama kuna neno la uwongo, liombewe sahihisho mapema, wakati mashahidi wangali hai. Tatu, msingoje ofisi iseme kwanza ndipo ninyi mwamini. Serikali ina daftari zake, nayo jamaa na iwe na yake. Nyumba iliyo na mtu mwenye kovu na ikae naye jioni moja, imwulize kwa upole, na mmoja ashike kalamu.